Pedali bapa za kushukia mlima: uzoefu wangu wa misimu mitatu Fort William

Kwa misimu mitatu sasa nimekuwa nikishuka kwa baiskeli katika njia za Nevis Range, karibu na mji wa Fort William nchini Uskoti, ambako magari ya waya hukupandisha wewe na baiskeli yako mlimani, kisha kazi inayobaki ni kuteremka. Njia ya Kombe la Dunia la kushuka mlima kwa baiskeli iliyoko pale ina urefu wa kilomita 2.8 hivi, inashuka zaidi ya mita 500, na sehemu yake kubwa ni mawe matupu. Katika muda huo nimetumia jozi tatu za pedali bapa, yaani zile ambazo kiatu hakifungwi juu yake, bali hushikiliwa na uzito wa mwili na pini fupi za chuma zilizochomoza kwenye uso wa pedali.

Jozi ya kwanza niliinunua kwa kuangalia uzito na rangi, na hilo lilikuwa kosa. Zilikuwa za alumini, nyepesi sana, lakini katikati zilivimba kidogo kwa sababu ndipo ekseli ilipopita, hivyo unyayo ulikaa juu ya mgongo badala ya kukaa ndani ya bonde. Kwenye mawe ya katikati ya njia, gurudumu la nyuma liliporushwa, mguu wa kulia ulitoka, pedali ikazunguka na pini zikanichana kwenye muundi. Nilishonwa nyuzi sita. Baadaye, nilipotaka kubadilisha pini zilizopinda, niligundua kwamba zilikuwa zimefungwa kwa kuingizwa kutoka juu, na tundu la spana lilikuwa kwenye kichwa kilekile kinachogonga mawe. Vichwa vilikuwa vimepondeka kiasi kwamba spana ya pembe sita haikupata mahali pa kushika, na duka lililoniuzia halikuwa na pini za akiba.

Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya nikishika pedali mpya ni kuigeuza na kutazama pini zinaingia kutoka upande gani. Pini inayoingia kutoka nyuma, ikitokeza ncha tu upande wa kiatu, hufunguka hata baada ya ncha kusagika, kwa kuwa tundu lake limejificha mbali na mawe. Kitu cha pili ni kuweka rula juu ya uso wa pedali, kuanzia ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na kuangalia kama katikati pana nafasi ya mwanga kupita. Bonde hilo, hata likiwa la milimita moja au mbili tu, huufanya unyayo ujikunje kidogo na kushikwa na pini za mbele na za nyuma kwa pamoja, na ndilo linalobakiza mguu mahali pake baiskeli inapotikiswa kwa fujo.

Hata hivyo, pedali pekee haitoshi, na ninatamani mtu angeniambia mapema kwamba kiatu ni nusu ya jambo lenyewe. Siku ile ya ajali nilikuwa nimevaa viatu vya kukimbilia. Soli yake ilikuwa ya povu, yenye mifereji mirefu, na pini nyingi ziliangukia ndani ya mifereji bila kuuma chochote. Nilipohamia viatu vya Five Ten, kampuni ambayo mpira wake ulitengenezwa kwanza kwa ajili ya wapanda miamba, tofauti niliihisi katika mita mia za mwanzo: ili kusogeza mguu kidogo ilinibidi kwanza niunyanyue. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu mwezi huu, ninamshauri aanze na viatu.

Jozi yangu ya pili ilikuwa Race Face Chester, ambazo mwili wake ni wa nailoni iliyotiwa nguvu na si wa chuma. Nilizinunua kwa sababu ya bei, ambayo kwangu ilikuwa karibu nusu ya pedali nzuri za alumini, lakini nilizipenda kwa sababu nyingine kabisa. Nailoni ikigonga jiwe huteleza juu yake, wakati alumini mara nyingine huuma na kuisimamisha baiskeli ghafla. Zina pini nane kila upande, na kwa mtu anayeanza kushuka mlima, au anayeendesha Ngong au Lushoto ambako vipuri hupatikana kwa shida, sioni sababu ya kununua kitu cha ghali zaidi.

Niliziacha kwa sababu ya ukubwa wa mguu wangu tu. Ninavaa kiatu namba 45, na katika mashuko marefu nilihisi ukingo wa nje wa unyayo ukining'inia. Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, ingawa watengenezaji wenyewe wanalijua: Crankbrothers, kwa mfano, huuza pedali zao za Stamp katika ukubwa wa aina mbili, ndogo na kubwa, kulingana na namba ya kiatu. Mimi nilichagua DMR Vault, zenye uso wa milimita 105 kwa 105 na pini 11 kila upande. Ni nzito kuliko zile za nailoni, lakini mguu mzima unakaa, na visigino vinashuka vyenyewe ninapofunga breki kwenye mteremko mkali. Pini za katikati nilizipunguza urefu kwa kuziwekea washa, yaani vipete vyembamba vya chuma, ili bonde lizidi kidogo.

Watu huniuliza kwa nini siendi kwenye pedali za kufunga kiatu, kama wanavyofanya wengi wa washindani wakubwa wa baiskeli. Huwajibu kwa kuwatajia Sam Hill wa Australia, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 2007 hapahapa Fort William, kisha tena 2009 na 2010, akiwa juu ya pedali bapa. Mimi si Sam Hill, lakini kona zenye tope ninapenda kuweza kutoa mguu na kuuweka chini bila kufikiri.

Kuhusu matunzo, kumbuka kwamba pedali ya kushoto ina uzi (mikato ya skrubu) wa kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha kwa mwendo wa saa. Nimeona krenki, yaani mkono unaobeba pedali, ikiharibiwa kwa kusahau hilo. Paka grisi kwenye uzi kabla ya kufunga. Mimi, kila baada ya wikiendi ya mvua, huishika pedali na kuitikisa kwa mkono, na ikicheza upande kwa upande huifungua jioni hiyohiyo. Vault zangu zimefunguliwa mara mbili, pini tatu zimebadilishwa, na msimu ujao zitapanda tena mlimani zikiwa kwenye baiskeli ileile.