Neti ya kuchorea magamba ya chambo: ipi ununue Arusha na Moshi

Kabla hujaweka akiba ya eabrashi (kipulizio kidogo cha rangi kinachotumia hewa), nunua neti. Chambo cha mbao kilichochongwa vizuri huharibikia kwenye magamba kwa sababu mbili kuu: matundu ya neti hayalingani na samaki anayeigwa, au neti haikubana mwili. Rangi ya bei mbaya haiponyi hata moja kati ya hizo. Orodha hii imepangwa kwa kigezo hicho, kwa vyambo vya urefu wa sentimita 7 hadi 15, na karibu vifaa vyote vinapatikana kwenye maduka ya vitambaa, ya vipodozi na ya vifaa vya ujenzi mjini.

Amua kwanza unamwiga nani. Dagaa magamba yake ni madogo mno. Kwa umbali ambao sangara anamwona, ni mng'ao tu wa fedha, kwa hiyo ukimvalisha neti ya milimita 3 umetengeneza nanasi, si dagaa. Furu au perege mchanga wa sentimita 8 hadi 10 anataka matundu ya milimita 1.5 hadi 2. Mkizi, yule wa hasira zake furaha ya mvuvi, ana magamba makubwa yanayoonekana waziwazi; kwenye chambo cha sentimita 13 cha kupeleka Pangani au Tanga, milimita 3 inamfaa. Nenda dukani na rula. Tandaza neti bila kuivuta, hesabu matundu yaliyomo ndani ya sentimita 2: yakiwa kumi, kila tundu pamoja na uzi wake ni milimita 2. Muuzaji atakushangaa kidogo. Mwache ashangae.

Jambo la pili hukosewa hata na mafundi wa siku nyingi. Rangi inapita kwenye tundu. Uzi unalinda kilicho chini yake. Maana yake tundu ndilo gamba, na uzi ndio mstari unaolizunguka. Ukipaka fedha kwanza kisha ukapuliza nyeusi juu ya neti, utapata magamba meusi yenye mistari ya fedha, yaani kinyume cha samaki. Perege ana gamba jeupe-fedha lenye ukingo uliokoza. Basi anza na rangi ya ukingo, kijivu kilichoiva au kahawia, iache ikauke, vika neti, ndipo upulize fedha. Mgongo uukoleze mwishoni, bila neti au kwa mpulizo mmoja hafifu juu ya neti ileile.

1. Kitambaa cha neti cha shela

Hiki ndicho cha kwanza, na hakina mpinzani wa karibu. Matundu yake yana pembe sita, nyuzi ni nyembamba na bapa, na kinavutika. Maduka ya vitambaa huwa na aina mbili. Ile ngumu, inayowekwa chini ya gauni ili lisimame, iache: haikumbatii tumbo la chambo. Chukua laini, ile ambayo ukiikunja mkononi inabaki imekunjika. Nusu mita inatosha miezi mingi ya kazi. Kwa wenye subira, nguo za harusi za mitumba pale Memorial, Moshi, nazo zina shela, na mara nyingine shela moja ina matundu ya saizi mbili kwenye tabaka tofauti.

Kivute kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja utanyumbuka zaidi. Upande huo uuzungushe kutoka mgongoni kwenda tumboni, usiuelekeze kutoka kichwani kwenda mkiani. Gamba la samaki linapoonekana ubavuni huwa refu kwa kwenda juu kuliko kwa kwenda nyuma. Ukivuta neti kuelekea mkiani unapata almasi zilizolala, na jicho linakataa hata kama mtu hawezi kusema kosa liko wapi.

Kwa chambo cha sentimita 9, kata kipande cha sentimita 15 kwa 12. Weka katikati yake mgongoni, shusha pande zote mbili, zikutane chini ya tumbo, kisha bana. Vibanio vya nguo vya mbao vinalegea. Klipu nyeusi za karatasi za stationari, za milimita 25, zinakaza na hazitelezi. Panga nne au tano zikiwa zimegusana, kuanzia kidevuni. Tumbo halihitaji magamba, kwa hiyo mshono ukikaa hapo hauonekani. Sasa pitisha kidole ubavuni: neti ikicheza chini ya kidole, fungua ubane upya. Sehemu ngumu ni nyuma ya kichwa na shingo ya mkia, ambako mwili unapungua na neti inabaki hewani. Hapo funga uzi wa kushonea mara mbili, nje ya eneo la magamba.

Rangi ya kopo ipulize kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla ya pua ya chambo na uachie baada ya mkia, mkono ukitembea. Mipulizo mitatu hafifu, dakika tano katikati, ni bora kuliko mmoja wa kulowesha. Subiri kama dakika kumi baada ya mpulizo wa mwisho, kisha fungua klipu na inua neti moja kwa moja kwenda juu; usiiburute. Ukiiondoa mapema mno inafuta kingo. Ukiiacha hadi kesho yake, rangi inashikana na uzi na kubanduka vipande vipande.

Kusoma makosa ni rahisi. Ukungu usio na umbo maana yake neti haikugusa mwili. Pengo la milimita moja linatosha kuharibu. Mabaka yaliyoungana maana yake rangi ilikuwa nyingi, ikatambaa chini ya nyuzi. Magamba mazuri katikati na ukungu pembeni maana yake ulipuliza kwa pembe: geuza chambo, mkono ubaki ukikitazama ubavu. Na matundu yakianza kuziba baada ya vyambo vinane au kumi, loweka neti kwenye thina dakika chache, au kata kipande kipya, maana nusu mita bado ipo.

2. Dodoki la neti la kuogea

Kata uzi uliofunga katikati, na lile puto linafunguka kuwa bomba refu la neti. Hapo ndipo raha yake: linavaliwa kama soksi, unalivuta na kulifunga puani na mkiani, bila klipu. Matundu yake ni makubwa na yanabadilika kadiri unavyovuta, kwa hiyo kwa mkizi na vyambo vya sentimita 12 kwenda juu linafaa sana. Kwa vyambo vidogo, hapana.

Udhaifu uko kwenye mafundo. Nyuzi zinapokutana kunakuwa na uvimbe, na uvimbe unainua neti kidogo, hivyo pembe za magamba zinatoka zimefifia. Liloweke kwenye maji ya moto dakika moja na ulivike likiwa na joto, baada ya kulikung'uta maji yote. Linalala vizuri zaidi. Usilipige pasi, litayeyuka. Jambo jingine: rangi haishiki kwenye plastiki hiyo. Inakauka kama ngozi na kudondoka, na punje zake huangukia kwenye rangi mbichi ya chambo kinachofuata. Lisugue mikononi na ulikung'ute kabla ya kila kazi.

3. Tepu ya alumini na tupa

Hii si ya kupuliza, na kwa kuiga dagaa inaipita hata neti ya shela. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland aliyetengeneza chambo chake cha kwanza mwaka 1936, alikivalisha karatasi ya fedha ya chokoleti. Leo kuna tepu ya alumini yenye gundi, ile wanayotumia mafundi wa viyoyozi, nene kuliko karatasi ya alumini ya jikoni na isiyochanika ovyo.

Kata umbo la ubavu, usibandue karatasi ya nyuma. Ilaze juu ya tupa ya meno makubwa na usugue kwa mgongo wa kijiko, mara moja tu, bila kurudia; ukirudia meno yanapishana na alama zinakuwa vumbi. Ukitaka gamba lenye duara, tumia vipande vya antena ya redio mbovu: kila kipande ni bomba la kipenyo tofauti. Piga tupa nusu ya mdomo wa bomba hadi ibaki nusu duara, kisha gandamiza safu kwa safu, mgongo wa duara ukielekea mkiani, kila safu ikianzia katikati ya iliyotangulia kama vigae. Kazi ya jioni nzima kwa chambo kimoja, lakini mwanga unavyochezea zile alama, kopo la rangi haliwezi.

Puani na mkiani tepu itakunjamana. Ikate pindo kwa mkasi kila milimita 5 kabla ya kuibandika.

4. Tepu ya jipsamu

Ile ya matundu ya mraba ya kuzibia viungo vya mbao za jipsamu. Ikigeuzwa kwa pembe ya digrii 45 inatoa almasi safi, na gundi yake inashikilia yenyewe. Haivutiki, kwa hiyo inafaa vyambo vya ubavu bapa pekee. Igongegonge kwanza kwenye shati la zamani ipunguze gundi, la sivyo itaondoka na rangi ya chini. Nyuzi zake ni za kioo na zinawasha mikono.

5. Stensili za kuagiza

Ni vibao vilivyokatwa tayari matundu ya magamba. Nzuri, zinadumu, na unazisubiri. Zinafaa kwa mwenye kutengeneza vyambo hamsini vya umbo moja.

Za kuacha dukani

Mfuko wa vitunguu: matundu makubwa, nyuzi pana. Wavu wa dirisha: saizi ya tundu si mbaya ila haupindi. Na chandarua chenye dawa kiache kitandani. Saizi ya matundu yake inavutia, lakini dawa za kundi la pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, na kazi ya chandarua ni mbu.

Kopo au eabrashi?

Kwa vyambo chini ya ishirini, kopo. Eabrashi ya tundu la milimita 0.3 au 0.5 na kompresa ya shinikizo la psi 20 hadi 30 inakupa mgongo unaofifia taratibu kuelekea ubavuni, na rangi ya maji inayokuruhusu kuondoa neti baada ya dakika moja au mbili. Ila eabrashi haifichi neti iliyolegea, inaianika.

Kliya ndiyo inayoua kazi

Kliya ni vanishi angavu ya kufunika rangi. Ile ya magari yenye hadina (kigandishi) ni ngumu na inang'aa, lakini thina yake hukunja rangi ya kopo ambayo haijakauka hadi ndani. Mvuke wake ni hatari kwa mapafu: pulizia nje, na barakoa iwe ya chujio la kaboni, kile kitambaa cha bodaboda hakisaidii. Masika, unyevu ukiwa mwingi, kliya inaweza kufanya ukungu mweupe. Ngoja mchana wenye jua.

Epoksi ya kukauka polepole ni salama zaidi kwa rangi, na safu moja inafunika kingo za tepu ya alumini. Ya dakika tano iache, inageuka njano na inaganda kabla hujasambaza. Pima sehemu zake mbili, resini na kigandishi, kwa uwiano ulioandikwa kwenye maelezo yake, bila kukosea. Ikizidi upande mmoja inabaki kunata daima. Zungusha chambo hadi epoksi isimame. Mota ya sahani ya microwave iliyokufa inafanya kazi hiyo, ila nyingi hutumia umeme wa ukutani, kwa hiyo waya zake zifungwe na fundi. Mwezi wa sita na wa saba Arusha, epoksi iliyoachwa varandani usiku huchelewa kuganda na kutoka na utando wa mafuta juu. Ifanyie ndani, karibu na jiko lililozimwa, na utando ukitokea uoshe kwa maji ya sabuni ya uvuguvugu kabla ya safu ya pili.

Kila unapobadili kopo, thina au kliya, paka kwanza kijiko cha plastiki kwa mpangilio uleule: praima (rangi ya msingi), rangi ya ukingo, neti, fedha, kliya. Mgongo wa kijiko umepinda kama ubavu wa perege, na rangi ikikunjamana hapo umepoteza kijiko.