EdD ya kusoma na kuandika kwa njia ya mtandao: inamfaa mkufunzi wa Uganda?

Matangazo ya programu za EdD, yaani udaktari wa elimu kwa watu walio kazini, huanza na muda: miaka mitatu, unasoma huku unaendelea na kazi. Muda huo ni wa kule programu inakotoka. Mkufunzi wa Lira au Mubende anayejiunga na chuo cha Marekani au Uingereza afadhali apange mitano tangu mwanzo. Nusu ya kwanza, yaani masomo yenyewe, kwa kawaida imepangwa vizuri. Nusu ya pili, ya utafiti na tasnifu, imepangwa kwa mtu ambaye shule yake iko wilaya moja na chuo chake.

Kwanza tuondoe dhana kwamba EdD ni PhD iliyopunguzwa bei. PhD hutafuta jibu ambalo taaluma haijalipata. EdD huchukua tatizo lililopo kazini kwako, ikakutaka ulipime, ujaribu suluhisho, kisha useme kwa ushahidi kama limefanya kazi. Vyuo vingi vya Marekani vimeishika njia hiyo kupitia mradi wa Carnegie wa kuipanga upya EdD, ulioanza mwaka 2007. Uingereza, miaka miwili hivi ya mwanzo huwa ya kozi na insha ndefu, halafu huja tasnifu ambayo mara nyingi ni maneno 45,000 hadi 55,000, wakati ya PhD hufika 80,000. Ufupi huo usikudanganye. Mtahini atauliza yaleyale, ila wewe una kurasa chache za kujitetea.

Sehemu bora ya EdD ni jinsi inavyokulazimisha ulikate tatizo liwe dogo. Uganda ina matatizo yanayofaa kabisa. Tangu mtaala wa mada ulipoanza mwaka 2007, mtoto wa P1 hadi P3, yaani darasa la kwanza hadi la tatu la msingi, kwa kawaida husomeshwa kwa lugha ya eneo lake, na P4 ndipo anapohamishiwa Kiingereza. "Kwa nini watoto wanakwama P4" si mada ya tasnifu, ni malalamiko. Mada ni hii: mtoto wa Lango, huko kaskazini, amezoea kwamba herufi c inasomwa kama ch, akikutana na neno la Kiingereza "can" anasoma "chan". Mtoto wa Kiganda naye anaandika "caayi" kwa kitu ambacho sisi tunakiandika chai. Je, wiki nane za mazoezi ya herufi tano au sita zinazobadilisha sauti, katika muhula wa kwanza wa P4, zinapunguza makosa hayo? Mtu mmoja mwenye kazi nyingine anaweza kuimaliza hiyo.

Kwenye upimaji ndiko programu nyingi zinakolegea, na ndiko msomaji wa lugha za Kibantu anapoumia zaidi. Karibu kila mtu hutumia EGRA, kipimo cha kusoma kwa watoto wa madarasa ya mwanzo, au kitu kinachofanana nayo: sauti za herufi 100 kwa dakika moja, maneno 50 yasiyo na maana kwa dakika moja, hadithi ya maneno kama 60 kwa dakika moja, kisha maswali matano. Jumla inayonukuliwa ni maneno sahihi kwa dakika. Sasa tazama neno "hatutawaambia". Kwetu ni neno moja, kwa Kiingereza ni maneno matano. Ukichukua kiwango cha maneno kwa dakika kilichowekwa kwa Kiingereza ukampimia mtoto anayesoma Luganda au Runyankore, umemshusha kabla hajafungua mdomo. Hesabu silabi sahihi kwa dakika, au mlinganishe mtoto na yeye mwenyewe mwanzo na mwisho wa muhula, na eleza uamuzi huo kwenye sura ya mbinu kabla mtahini hajakuuliza.

Kosa jingine ni kutafsiri hadithi ya mtihani kutoka Kiingereza. Hadithi nyepesi kwa Kiingereza hugeuka na kuwa na maneno ya silabi sita. Itungwe upya na mzungumzaji, ijaribiwe na watoto wa shule ambayo haimo kwenye utafiti. Wapimaji nao wafanye mazoezi wakisahihisha mtoto mmoja kwa pamoja mpaka alama zao zikaribiane. Usipoweka kanuni ya kusimama, yaani mtoto akikosa mstari wote wa kwanza unamwachia kwa upole na kuhamia zoezi linalofuata, mmoja atamsubiri mtoto na mwingine atamkatiza, na takwimu zako zitakuwa zimepima wapimaji. Programu ya Tangerine inarekodi haya kwenye tableti bila intaneti. Kijijini hilo ni jambo kubwa.

Vibali. Hapa ndipo miaka mitatu inapogeuka mitano. Idhini ya kamati ya maadili ya chuo cha ng'ambo haikupi ruhusa ya kuingia darasani Uganda. Unapita kwanza kwenye kamati ya maadili ya hapa iliyoidhinishwa, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, ndipo uende ofisi za wilaya, kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi, na mwisho kwa mtoto mwenyewe, aulizwe kwa maneno ya umri wake. Saini ya mwalimu mkuu haisimami badala ya mzazi. Kamati mbili zikisoma fomu moja ya ridhaa, kila moja itataka mabadiliko yake, na badiliko la huku lazima lirudi kule. Dawa ni kuchukua fomu ya kamati ya Uganda mapema, kabla hujatetea pendekezo, ukaandika kwa kufuata masharti makali zaidi kati ya hayo mawili, na tafsiri ya lugha ya eneo ukaiambatisha siku hiyohiyo. Anayekusanya data kwanza akidhani kibali kitafuata anaweza kulazimika kuitupa yote.

Halafu kuna kalenda. Mihula yetu ni mitatu, na Novemba mwanzoni ni PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, shule ya msingi nzima inanyamaza kwa ajili ya P7. Wiki za kwanza za muhula watoto hawajatimia, za mwisho ni mitihani. Kama utafiti wako unahitaji darasa la P4 tangu linapoanza, kibali kikichelewa mwezi mmoja tu unasubiri mwaka mpya wa shule. Na muda wote huo chuo kinaendelea kutoza ada ya kubaki kwenye orodha, kwa dola au pauni. Fedha nyingi hupotelea hapo.

Vipindi vya moja kwa moja navyo vina hesabu yake. Cha saa moja jioni New York kwetu ni saa nane usiku, na wenzetu wakirudisha saa zao nyuma kinakuwa saa tisa. Cha saa kumi na mbili jioni London kinaangukia saa mbili au saa tatu usiku, hicho mtu mwenye kazi anakimudu. Kwa hoja hii pekee Uingereza inashinda.

Nani anunue? Mkufunzi, mkaguzi au mtunga vitabu anayebaki kazini na ana shule zinazomkubali: ndiyo, bila kusita. Anayetaka uhadhiri asome kwanza matangazo ya vyuo anavyovilenga, kwa sababu mengine yanataja PhD kwa jina. Aliyekuwa anatazamia kazi kwenye miradi ya wafadhili afanye hesabu upya: USAID, shirika la misaada la Marekani lililogharimia miradi mikubwa ya kusoma nchini, liliacha kazi yake katikati ya 2025. Walimu wa Kiswahili wana nafasi ya pekee. Baraza la mawaziri lilikikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2022, na mtoto wa Uganda anayeanza kukisoma akiwa tayari na lugha mbili ni eneo ambalo bado lina nafasi tele.

Kabla ya kulipa hata ada ya maombi, liandikie Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, ukiwatajia chuo, shahada na kwamba unasomea mtandaoni, uulize kama wataitambua; jibu lihifadhi kwa maandishi. Kisha ukiandikie chuo maswali manne. Msimamizi amewahi kuongoza tasnifu ya lugha ya Kibantu au Kiluo? Saa ngapi za usimamizi kwa mwaka? Kusimamisha masomo kwa muhula mmoja kunagharimu kiasi gani? Kamati yenu ya maadili inakubali kufuata fomu ya kamati ya Uganda? Chuo kikijibu la pili na la tatu kwa kukutumia kijitabu cha matangazo, tafuta kingine.