Stempu za kwanza za Vatican (1929) nilizoagiza hadi Moshi, uzoefu wangu

Nimezisubiri wiki 7 jamani. Jumatatu nikapata meseji kuna mzigo wangu, nikafunga duka nikaenda posta pale mnara wa saa, dada wa dirishani akaigeuzageuza bahasha, "kaka hii ya Italia mbona nyepesi hivi, ndani kuna nini?", nikamwambia stempu dada, za zamani, akaomba nifungue na yeye aone. Tukaziangalia wote pale kaunta.

Hizi ndo stempu za kwanza kabisa za Vatican, zilitoka 1 Agosti 1929, Waitalia wanaziita Conciliazione, yaani mapatano. Seti nzima ni 15 na humo 2 ni za barua za haraka. Mi nimechukua zile 7 za chini, senti 5 mpaka 75, zenye nembo ya Papa, funguo mbili zimepishana na juu yake lile taji la ngazi tatu. Kuanzia senti 80 kwenda juu ni picha ya Papa Pius XI na hapo bei inapanda vibaya.

Sasa kwa nini nilizitaka. Babu yangu alikuwa katekista Kibosho, na alikuwa anatuambia Papa alishawahi kuwa mfungwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, sisi watoto tukawa tunaona ni hadithi tu, kumbe alikuwa anajua anachosema: 1870 jeshi la Italia liliingia Roma likaichukua, mapapa wakakataa kuitambua serikali ile na karibu miaka 60 wakawa hawatoki nje ya Vatican, mpaka 11 Februari 1929 Kardinali Gasparri na Mussolini waliposaini mkataba kwenye jumba la Laterano. Italia ikaitambua Vatican kuwa nchi, Kanisa nalo likaitambua Italia na Roma kuwa mji mkuu wake, na fidia juu, lire milioni 750 taslimu na hati za serikali za lire bilioni 1. Nchi yenyewe hekta 44 tu, kuna mashamba ya kahawa huku kwetu yanazidi hapo! Ila nchi ni nchi, lazima iwe na posta yake, na hata miezi 6 haijaisha stempu zikawa dirishani.

Ile ya senti 25 ndo imenikamata. Nembo ya bluu iliyokoza kwenye karatasi ya bluu mpauko, nikaisogeza dirishani na lenzi, meno yote yapo, maandishi POSTE VATICANE yanasomeka safi kabisa, miaka yote hiyo na rangi haijachoka.

Lawama yangu ni kwa muuzaji. Ile ya senti 30 jino la kona limekatika na nyuma karatasi imechunika, na kwenye picha alizoweka alionyesha mbele tu. Nilimwandikia, siku ya nne akajibu akarudisha hela ya hiyo moja, sawa, lakini angesema mapema. Kwa hiyo ukiagiza stempu za zamani omba picha ya mgongo KABLA hujalipa, kwenye gundi ndo kasoro zinapojificha. Ya senti 10 ina alama ya kubandikwa kwenye albamu, hiyo haijanisumbua, iliandikwa wazi.

Pesa yangu siijutii. Huku tunajua makubaliano ya Kanisa na serikali yanavyogusa maisha ya mtu, 1992 makanisa na serikali yetu walisaini ya kwao kuhusu afya na elimu, na mimi mwanangu wa kwanza amezaliwa hospitali ya misheni.

Sita nimeziweka kwenye albamu. Ya senti 25 nimeitia kwenye kimfuko cha plastiki nikaiweka ndani ya misale ya babu, na sasa natafuta ile ya senti 80, ukiwa nayo Moshi au hata Arusha naifuata mwenyewe.