Kununua safari ya meli kwenye fyordi za Norwei: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Tiketi ya safari hii ni ghali na hununuliwa miezi mingi kabla. Bahati mbaya watu wengi huinunua kwa kutazama picha za meli: bwawa la kuogelea, mikahawa, ukumbi wa maonyesho. Hayo yote utayapata hata kwenye meli inayozunguka Mediterania. Huku unafuata fyordi, yaani hori ndefu za bahari zilizochimbwa na barafu ya kale, kuta za mawe zikipanda wima pande zote mbili, maporomoko ya maji yakishuka kutoka theluji hadi kwenye maji ya chumvi. Ndiyo maana nimepanga chaguo hizi kwa kipimo kimoja tu: kwa pesa unayotoa, utakaa saa ngapi ndani ya fyordi nyembamba, mchana, ukiwa macho?

Fyordi zinazosifiwa zaidi ziko magharibi mwa nchi, kati ya Stavanger na Ålesund. Sognefjord ndiyo ndefu kuliko zote, kilomita 205, na kina chake kinapita mita 1,300. Uzuri wake mkubwa uko kwenye matawi ya ndani: Aurlandsfjord, penye kijiji cha Flåm, na Nærøyfjord, ambayo mahali pake pembamba kabisa ina upana wa mita 250 hivi. Geirangerfjord ina urefu wa kilomita 15 tu. Hiyo na Nærøyfjord ziliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Kusini kuna Hardangerfjord, yenye mashamba ya matofaa yanayochanua mwezi Mei, na Lysefjord, ambako jabali la Preikestolen limesimama mita 604 juu ya maji. Ratiba ikikupitisha kwenye mawili au matatu ya majina haya mchana, inafaa kuendelea kuisoma. Ikiwa imejaa majina ya miji tu, iache.

Kuna jambo moja ambalo vipeperushi vya mauzo havilisemi. Ukiona ratiba imeandikwa "Flåm, kufika saa 2 asubuhi", piga hesabu. Kijiji hicho kiko ndani kabisa, zaidi ya kilomita 150 kutoka baharini, kwa hiyo meli imeingia Sognefjord usiku wa manane na imepita kuta zote hizo wewe ukiwa umelala. Mwezi Juni hilo halina hasara kubwa, kwa sababu alfajiri ya kule huanza mapema sana: saa 10 usiku kumeshapambazuka, na anayevaa koti na kupanda sitahani wakati huo huikuta karibu tupu, meli ikienda polepole na harufu ya majani mabichi ikitoka milimani. Septemba saa hizo bado ni giza. Basi tazama pia saa ya kuondoka. Meli inayong'oa nanga saa 10 jioni inakupa saa nyingi za mwanga wakati wa kutoka, na inayoondoka saa 4 usiku inakupa chache.

Ya kwanza: meli ya wastani, wiki moja

Nazungumzia meli za abiria elfu moja na mia kadhaa, zikizidi sana elfu mbili na ushee. Naziweka mbele kwa sababu zinafika mahali ambapo meli kubwa huenda mara chache: Hjørundfjord, Lysefjord, Skjolden kwenye ncha ya mwisho ya Sognefjord, Eidfjord karibu na maporomoko ya Vøringsfossen. Mkishuka kijijini, hamkijazi watu. Fred. Olsen, kampuni yenye asili ya Norwei, inaendesha meli za namna hii kutoka bandari za Uingereza. Bolette na Borealis ndizo za kuangalia, na abiria wake wengi ni watu wazima wanaopenda utulivu. Holland America huondokea Rotterdam au Amsterdam kwa meli kubwa kuliko hizo.

Kasoro yake ni bei, ambayo kwa usiku mmoja huwa juu ya ile ya meli kubwa. Tena watoto watachoka, maana michezo yao ni michache. Ila kwa mume na mke, au kwa mtu anayempeleka mama au baba yake aliyestaafu, sijaona chaguo linaloishinda.

Ya pili: ukae Bergen, upande boti za huko

Wengine watasema hii si safari ya meli. Mimi naipa nafasi ya pili bila kusita, hasa kwa Waswahili wanaoishi Ulaya ambao wana siku nne au tano za likizo. Unaruka hadi Bergen, unapanda treni hadi Voss, basi hadi Gudvangen, kisha boti ya umeme inayopita Nærøyfjord yote hadi Flåm kwa muda wa saa mbili hivi. Boti hizo, Future of the Fjords ya mwaka 2018 na wenzake, hazina mngurumo wala moshi. Unasikia maporomoko kabla hujayaona. Meli kubwa inayofunga Flåm haikupeleki huko, na abiria wake wanaoitaka Nærøyfjord hulipia boti hiyohiyo kama matembezi ya ziada.

Kutoka Flåm unapanda reli ya Flåmsbana, kilomita 20 za kupanda hadi Myrdal, mita 866 juu ya usawa wa bahari, mahandaki 20 njiani, na treni husimama kidogo mbele ya maporomoko ya Kjosfossen abiria washuke kupiga picha. Myrdal unaunganisha treni ya kurudi Bergen au ya kwenda Oslo. Mzunguko mzima unawezekana kwa siku moja, lakini nakushauri sana ulale usiku mmoja Flåm au Aurland. Jioni, meli zikishaondoka na maelfu ya abiria wao, bonde linarudi kuwa la wenyeji, na njia ya kando ya maji unaitembea peke yako.

Geiranger nayo inafikika namna hiyo: kuna feri ya magari kati ya Hellesylt na Geiranger, saa moja na dakika chache, inapita chini ya maporomoko ya Dada Saba na mashamba ya kale yaliyong'ang'ania kwenye magenge. Unaona yaleyale anayoyaona mwenye chumba cha kifahari kwenye meli, kwa nauli ya feri.

Tatizo la njia hii ni malazi na chakula. Bei za hoteli na mikahawa ya Norwei zinaumiza, na hakuna meza iliyokwisha kulipiwa inayokungoja jioni. Kata tiketi za Flåmsbana mapema. Siku zenye meli bandarini hujaa.

Ya tatu: meli ya pwani, Bergen hadi Kirkenes

Huu ni usafiri wa wananchi uliogeuka pia kuwa utalii. Ulianzishwa mwaka 1893 na Richard With, na mpaka leo meli inaondoka Bergen, inagusa bandari 34, inabeba mizigo na watu wa vijijini, hadi Kirkenes karibu na mpaka wa Urusi. Kwenda na kurudi ni siku 12. Siku hizi kampuni za Hurtigruten na Havila zinagawana njia hiyo. Meli nne za Havila zina betri kubwa zinazoweza kuzisukuma kimyakimya kwa hadi saa nne.

Ni safari nzuri mno, na anayetaka kuijua Norwei yenyewe asiende kwingine. Visiwa vya Lofoten, Tromsø, Rasi ya Kaskazini, jua lisilozama kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai kwenye rasi hiyo, taa za kaskazini (miale ya rangi angani usiku) wakati wa baridi. Lakini haya ni maisha ya pwani, na fyordi ni sehemu ndogo ya safari. Kuingia Geiranger ni jambo la kiangazi, kwa hiyo angalia ratiba ya tarehe yako hasa kabla ya kulipa. Bandari nyingi zinaguswa usiku, dakika kumi na tano au thelathini tu, na injini za kugeuzia meli zitakuamsha ikiwa chumba chako kiko mbele chini. Omba cha katikati. Ukienda kaskazini, nchi kavu iko kulia kwako. Kabla ya Ålesund meli huzunguka rasi ya Stad, iliyo wazi kwa mawimbi, na hapo ndipo dawa ya kichefuchefu hutakiwa.

Wenye siku tisa hivi wanunue nusu ya kwenda tu, siku saba, watangulize siku mbili Flåm, warudi kwa ndege kutoka Kirkenes. Hapo ningeipandisha hadi nafasi ya pili.

Ya nne: meli kubwa

Kampuni za MSC, AIDA, Costa na P&O huleta meli za watu elfu nne, elfu tano na zaidi kutoka Kiel, Hamburg, Copenhagen na Southampton. Kwa familia yenye watoto watatu, hii ndiyo bei inayobebeka, na watoto watafurahi kuliko kwenye meli nyingine yoyote. Meli inaingia Geiranger vizuri tu. Shida ni mkishuka. Geiranger ina wakazi wa kudumu mia mbili na kitu. Foleni ya kushuka, foleni ya basi, foleni ya choo. Siku moja au mbili za wiki huishia kuvuka Bahari ya Kaskazini, na bei ya tangazo bado haijaongezewa vinywaji, intaneti, matembezi na, kwa kampuni nyingi, bakshishi ya kila siku. Jumlisha hivyo vyote kwanza, ndipo ulinganishe na meli ya wastani. Mara nyingi pengo linapungua sana.

Ya tano: meli ndogo za kifahari

Abiria mia moja au mia mbili, boti za mpira, wataalamu wa mazingira. Mwenye uwezo atafurahi. Kwa wengine wote, boti ya umeme na feri za Norwei zinatoa karibu mandhari hayohayo.

Sasa chumba. Wauzaji watakusukuma ununue chenye roshani. Ndani ya fyordi, pa kukaa ni sitaha ya juu, unapoona kuta zote mbili kwa pamoja, na kwa kuwa meli huingia na kutoka kwa njia ileile, hakuna haja ya kulipia upande. Nunua chumba cha ndani, pesa inayobaki iwe ya boti ya Nærøyfjord au basi la kupanda mlima Dalsnibba juu ya Geiranger. Ninayemwambia alipie roshani ni yule anayesafiri na mzee asiyeweza kusimama kwenye baridi, au mama mwenye mtoto mchanga. Akilipa, aulize kama boti za uokoaji hazizibi mbele. Anayesafiri peke yake aulize mara mbili bei ya chumba, maana baadhi ya kampuni humtoza karibu nauli ya watu wawili.

Kuhusu mwezi, mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni hauna mpinzani: theluji inayeyuka na maporomoko yamejaa. Agosti Dada Saba huweza kubaki nyuzi chache tu. Mvua hupangi nayo. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam, kwa hiyo koti lisilopitisha maji ni lazima hata Julai. Waislamu wanaokwenda kaskazini kiangazi wajiandae mapema na utaratibu wa nyakati za sala, kwa sababu jua halitazama, na suala la nyama ya halali waliulize kwa maandishi kabla ya kulipa. Samaki hawakosekani.

Viza ndiyo inayoweza kuvunja yote. Norwei haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ya Schengen: euro 90 kwa mtu mzima, pamoja na bima ya afya ya angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Anayeishi Ujerumani au Sweden kwa kibali halali cha ukaazi haihitaji. Meli ikiondokea Southampton, ongeza viza ya Uingereza. Hata iliyoondokea Hamburg ikigusa visiwa vya Orkney au Shetland, umeingia Uingereza. Visiwa vya Svalbard, kaskazini kabisa, viko nje ya Schengen, na kurudi kutoka huko kunahesabiwa kuwa ni kuingia upya, kwa hiyo omba viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Chagua tiketi inayokuruhusu kughairi na kurudishiwa sehemu kubwa ya pesa mpaka tarehe ambayo jibu la ubalozi litakuwa limefika, hata kama bei yake iko juu kidogo, na tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti ya wakala wako.