Ekspresi za Kitengela: barabarani mbio, stejini utangoja

Kama unatoka Kitengela ama Athi River kuja tao kila siku, hizi basi za ekspresi panda, lakini asubuhi. Sacco yenyewe sitaji jina. Iko na laini za Thika, Limuru na Machakos pia, ila hii yetu ndio naijua vizuri.

Asubuhi inaingia Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, pale Mlolongo inashukia Haile Selassie, na hapo ndio unaona pesa yako imeenda wapi, maana chini Mombasa Road imesimama Cabanas hadi Bellevue na nyinyi mko juu mnapita tu. Lakini watu wanasahau kitu moja, hiyo barabara ni kilomita 27 na inaanzia Mlolongo, Kitengela haifiki. Kwa hivyo jamu ya EPZ, pale kwa viwanda vya Athi River, mnaikula wote, wa ekspresi na wa matatu ya kawaida, malori ya simiti hayajui nani amelipa zaidi. Na kama kazi yako iko Imara Daima ama GM, steji za huko chini Mombasa Road, usipande kabisa, konda atakwambia "tutakushusha hapo" ndio gari ijae tu, utajua ukweli ukipita juu ya ofisi yako ukiiangalia.

Ndani sina malalamishi. Kila mtu na kiti yake, hakuna sambaza ya kubanana watu, mikanda inafunga, si zile za kuonyesha askari. Hayo yote yako kwa sheria za matatu za waziri Michuki tangu 2004, pamoja na ile spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, na vile tumeona zikichezewa, ukipata gari inazifuata lazima ushtuke. Nauli unaambiwa kabla hujapanda, unalipa na M-Pesa, hakuna stori za chenji utapewa mbele. Mvua ikinyesha inapanda ndio, usidanganywe, lakini si ati inapanda ukishakaa.

Shida ni ukirudi, hasa mchana na usiku. Hii kitu haina saa, inatoka ikijaa. Ule mkurupuko wa watu wakitoka kazini inajaa fasta, lakini jaribu saa nane mchana uone, unakaa hapo na wale vijana wa kukodiwa wamejaza viti vya mbele wakijifanya abiria (tunawajua, gari ikikaribia kujaa wanashuka mmoja mmoja), dereva anaungurumisha injini, anasonga mbele kidogo, anarudi nyuma, haendi popote. Dakika zote ungeokoa kule juu zimeishia stejini. Mimi wakati huo napanda matatu ya kawaida ya huko chini, bora imejaa.

Laini ya Thika sioni haja ya kuongeza pesa. Thika Road haina ada, ekspresi huko ni kuruka steji tu, na jamu ikishika Pangani mnakaa wote.

NAMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na majirani zake, iliundwa 2017 ipange usafiri wa kaunti tano, na kwa ramani yao ya BRT (mabasi ya mwendo wa haraka) kuna laini inaitwa Ndovu, Limuru hadi Kitengela, na njia yake peke yake. Tunangoja. Saa hii hawa wa sacco wangebandika tu saa za kutoka, hata kama ni kila nusu saa, hiyo nauli tungelipa bila kelele. Na kama unabeba gunia la viazi, elewana na konda mapema, ama utalipishwa kiti mbili.