Minivani au SUV ya Familia: Kagua Kuanzia Nyuma Kuja Mbele

Siti ya dereva huwa nzuri karibu kwenye kila gari, maana ndiyo inayouza gari lenyewe. Kwenye gari la watu saba, mtengenezaji hubania safu ya tatu, na hapo ndipo minivani na SUV zinapoachana. Kwa hiyo ukifika kwa muuzaji, usiguse usukani kwanza. Panda nyuma kabisa.

Chanzo cha tofauti ni sakafu. Minivani nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele: hakuna propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma) inayopita katikati wala difu (sanduku la gia la ekseli) nyuma, kwa hiyo sakafu inakaa chini na nyuma ya safu ya tatu panabaki shimo refu. Siti ikiwa imesimama, shimo hilo ni buti. Ikilazwa, inazama humo na sakafu inakuwa tambarare. Toyota Sienna ya kuanzia 2021 haina propela hata ile inayovuta magurudumu yote manne, kwa sababu ya nyuma yanasukumwa na mota ya umeme. Kwenye SUV nyingi, difu na ekseli viko palepale miguu ya abiria ilipotakiwa kukaa. Sakafu inapanda, paa halipandi, na mto wa siti unabaki karibu na zulia. Hapo magoti yanaelekea kifuani, mapaja hayana cha kuegemea, na uzito wote unaangukia makalio. Saa moja tu, mtu mzima anaanza kujigeuzageuza.

Ndiyo maana namba ya nafasi ya miguu inayoandikwa kwenye matangazo haitoshi. Hupimwa kutoka kifundo cha mguu hadi kwenye nyonga, kisha huongezwa milimita 254. Haikwambii goti limepanda kiasi gani. Isitoshe, siti ya safu ya pili ikiwa ya kuteleza kwenye reli, ukiisogeza mbele safu ya tatu inaonekana pana, kumbe nafasi hiyo imekopwa kwa aliyekaa mbele yake. Beba tepu upime kitu kimoja: kutoka sakafuni hadi ukingo wa mbele wa mto. Kiti cha mezani huwa karibu sentimita 45. Kwenye gari, 35 inavumilika safari ndefu. Chini ya 30, hiyo ihesabu ni siti ya watoto.

Sasa mpangilio wetu, kuanzia lililo bora. Vipimo ni vya magari yanayouzwa Marekani, na ujazo wa buti ni safu zote tatu zikiwa zimesimama.

1. Honda Odyssey (2018 na kuendelea). Nafasi ya miguu safu ya tatu ni milimita 968, na buti linapita lita 900. Kinachoipandisha juu ya wenzake ni safu ya pili: ukitoa siti ya katikati, zile mbili za pembeni zinateleza kushoto na kulia. Unaweza kuzisogeza zikae pamoja ukaacha njia ya kupita kwenda nyuma, au ukawatenganisha watoto wasiopatana. Kasoro yake ni kwamba siti hizo hazizami sakafuni. Ukitaka kubeba friji ni kuzing'oa, na hiyo ni kazi ya watu wawili.

2. Kia Carnival (2022 na kuendelea). Buti lita 1,138, hakuna minivani nyingine hapa inayolifikia. Miguu safu ya tatu ni milimita 904. Toleo lenye siti za kifahari zinazolala na kuinua miguu ni tamu, ila siti hizo hazitoki, na ukizilaza, aliye nyuma hana pa kuweka magoti.

3. Toyota Sienna (2021 na kuendelea). Safu ya pili ya toleo la watu saba inarudi nyuma mbali sana, raha kwa mrefu. Buti lita 949. Siti hizo hazing'oki, kwa hiyo haifai kwa anayebeba mbao au makochi.

4. Chrysler Pacifica. Hii ndiyo ya mizigo: safu ya pili nayo inazama sakafuni, bila kung'oa chochote. Lakini siti inayojikunja hivyo lazima mto wake uwe mwembamba, na mwili unautambua. Toleo la haibridi (petroli na umeme) limeweka betri kwenye mashimo hayo, hivyo safu ya pili haizami. Badala yake mito yake ni minene zaidi.

5. Toyota Grand Highlander, SUV ya kwanza kwenye orodha: milimita 851 za miguu safu ya tatu, buti lita 583. Mtu mzima anakaa bila kulalamika. 6. Kia Telluride (toleo la kwanza, la 2020) ni 798 na lita 595. 7. Toyota Highlander ya kawaida (iliyoanza 2020) ni 704 na lita 453. Ukikumbuka kwamba 254 zimo humo ndani, utaelewa hiyo ni siti ya nani.

Chevrolet Suburban tumeiacha nje kwa sababu ya urefu wake, si kwa sababu ya nafasi. Yeye na ndugu yake Tahoe wanaonyesha vizuri habari ya sakafu: Tahoe iliyotangulia ilikuwa na milimita 630 tu za miguu safu ya tatu. Toleo la 2021 lilirefushwa, likawekewa sasipensheni huru nyuma (kila gurudumu linacheza peke yake) badala ya ekseli nzima, sakafu ikashuka, na namba ikafika 886.

Kwa wanaotafuta magari yaliyotumika kutoka Japani: Noah na Alphard hukunja safu ya tatu kwa kuipandisha ubavuni, kwa hiyo inakula upana wa buti na kuziba kioo. Prado ya 150 (iliyoanza 2009) ina ekseli nzima nyuma, kwa hiyo sakafu iko juu. Safu yake ya tatu ni ya dharura.

Wenye watoto wadogo wasiende bila viti vya watoto. Funga kimoja safu ya pili, kisha jaribu kupita kwenda ya tatu. Siti nyingi zinazojikunja kupisha abiria hukataa zikishafungwa kiti cha mtoto, na jambo hilo watu huligundua wakishalipa. Viti vitatu sambamba vinataka sentimita 130 hadi 145 za upana, na nafasi ya mkono kufika kwenye kifungo cha mkanda. Siti mbili za pekee safu ya pili zinapendeza, lakini mtoto wa tatu anahamia nyuma. Angalia kama huko kuna nanga za ISOFIX (vyuma vya kufungia kiti cha mtoto), maana siti nyingi za safu ya tatu hazina.

Kaa safu ya tatu dakika 15 mlango ukiwa umefungwa na kiyoyozi kinafanya kazi. Tundu la hewa liwepo na lipulize kweli, kwani SUV nyingine huweka tundu moja la kufariji tu. Vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa mto na nyuma ya goti: visipopita mto ni mrefu na utabana damu, ukipita mkono mzima, paja halina msaada.

Gari likiwa limetumika, bonyeza mto wa dereva upande wa mlango, ndipo sponji huchoka kwanza. Telezesha kila siti mwanzo hadi mwisho wa reli. Mchanga na makombo ya biskuti ndivyo huikwamisha. Mlango wa kuteleza ufungue na kuufunga mara kumi, gari likiwa limeegeshwa mlimani likitazama juu kisha chini. Roli au kebo iliyochoka hujitambulisha hapo, mlango ukisita katikati au ukirudi wenyewe.