TeachAids: katuni zilizonitoa aibu darasani

Nimewafundisha vijana wa rika balehe habari za VVU kwa miaka, na nakiri sikuwa nikizifundisha vizuri. Nikifika kwenye neno "shahawa", sauti inashuka. Wa nyuma wanachekeana, wa mbele wanainamia daftari. Kipindi kinaisha wameshika jambo moja tu: mwalimu kaona haya.

Mwenzangu ndiye aliyenionyesha filamu za TeachAids. Ni shirika lisilo la faida lililotokana na utafiti wa Piya Sorcar katika Chuo Kikuu cha Stanford, likasimama lenyewe mwaka 2009, na filamu zake ni za bure. Sorcar alianzia India, ambako baadhi ya majimbo yalikuwa yamepiga marufuku elimu ya jinsia shuleni. Ilibidi yote yasemwe pasipo kumfedhehesha msikilizaji. Ndipo zikaja katuni: mtu halisi angetufanya tugeuze macho, lakini mchoro mwepesi unatazamika. Sauti nazo ni za wasanii ambao watu wa lugha ile tayari wanawapenda, na yapo matoleo ya wasichana na ya wavulana.

Basi tukawatenganisha. Nilikaa nyuma kwa wasichana, nikingoja vicheko. Havikuja. Mmoja alisogeza kiti mbele ili asikie vizuri, na mimi ndiye niliyebaki natazama sakafu!

Ila msiwawashie filamu kisha mkaondoka. Katuni haisikii swali. Mimi hugawa vikaratasi vya maswali visivyo na majina, na kila mara swali la kama mbu anaambukiza VVU halikosi. (Hapana, haambukizi; kirusi hakizaliani ndani yake.) Huwa naongeza kwamba anayepima mapema mno baada ya kuambukizwa anaweza kuambiwa hana virusi kumbe anavyo, na kwamba anayetumia ARV vizuri, virusi vikafubazwa na kuendelea kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Hili la mwisho ndilo linalowashangaza kuliko yote, hata walimu.

Kikaratasi kimoja kilikuwa kimekunjwa hadi kikawa kama punje ya mahindi: "Nikipima, mama ataambiwa?" Nilimwachia muuguzi ajibu wiki iliyofuata. Umri wa kupima bila idhini ya mzazi hutegemea sheria ya nchi, na sikutaka kubahatisha.